Rumanyika wa Karagwe na Ushahidi Wake Juu Yetu

Sifa zote njema anastahiki Allah (SW), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na Masahaba zake.

Kuna kitabu cha Kizungu ambacho wanafunzi wa madrasa zetu hawakijali, nacho kina kurasa chache zinazotuhusu sana. Ni kitabu cha safari cha Mwingereza John Hanning Speke, kilichochapishwa mwaka 1863, ambamo anaeleza alivyokitafuta chanzo cha mto Naili. Wenzetu hukisoma kwa ajili ya mto. Sisi tumekisoma kwa ajili ya Karagwe, kwani Speke na mwenzake Grant walifika huko Novemba 1861, na Speke akakaa katika baraza la Mtawala Rumanyika mpaka Januari 1862 alipoelekea Buganda, akamwacha Grant anauguza mguu.

Nchi ya Rumanyika ndiyo leo wilaya za Karagwe na Kyerwa mkoani Kagera, Kyerwa ikiwa imemegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Jina lake wenyeji hawajalisahau. Tangu mwaka 2019 limo hata katika hifadhi ya taifa ya Rumanyika-Karagwe. Makao yake yalikuwa Bweranyange, na si mbali na hapo, Kafuro, palikuwa na kituo cha wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliofuata pembe za ndovu. Msomaji alikumbuke jina hili la Kafuro, maana hoja yetu imesimama juu yake. Alikumbuke na jambo jingine ambalo Speke analitaja kwa kupita tu: Rumanyika alimwamkia kwa Kiswahili kizuri. Mtu huyu, basi, alikuwa ameishi na watu wa Pwani kiasi cha kuijua lugha yao.

Katika mazungumzo yao Rumanyika aliuliza maswali ya mtu ambaye hakufundishwa na yeyote namna ya kuuliza. Alitaka kujua kama jua la leo ndilo lile la jana au kila siku huja jua jipya, na kama mwezi hubadilisha uso wake ili kutucheka sisi wanadamu. Wako watakaocheka. Sisi hatukucheka, kwa sababu tunaisoma Suratul An'aam, aya ya 75 hadi 79, ambamo Nabii Ibrahim (AS) anatazama nyota, kisha mwezi, kisha jua, na kila kimoja kinapotua anakiacha. Masahaba nao walimuuliza Mtume (SAW) kuhusu miezi miandamo, na jibu limo katika Suratul Baqara, aya ya 189. Kuuliza juu ya mbingu ni mlango wa zamani sana wa kumjua Muumba, na Rumanyika alikuwa amesimama mlangoni.

Tunakuja sasa kwenye maneno yaliyotufanya tuandike makala hii. Speke alimuuliza kwa nini kila mwaka huchinja ng'ombe kwenye kaburi la baba yake. Rumanyika akacheka, akasema hajui, ila anatumai kwa kufanya hivyo atapata mavuno mema zaidi. Akaongeza kwamba huweka pia pombe na nafaka mbele ya jiwe kubwa mlimani, kwa sababu hiyo hiyo, ingawa jiwe haliwezi kula wala kulitumia lile linaloletewa. Kisha akatoa shahidi wake: hata watu wa Pwani, alisema, wana itikadi kama yake. Hakuna mtu wa bara hili asiyeamini nguvu za uchawi na hirizi, na yeye mwenyewe, akisikia mbweha analia wakati anaongoza jeshi vitani, hurudi nyuma mara moja.

Kabla ya kuyachukua maneno haya ni wajibu kumpima aliyeyasimulia. Speke si shahidi tunayemwamini kwa kila jambo. Anadai kwamba Rumanyika hakuwa na habari yoyote ya Mungu, na dai hilo lina udhaifu, kwani Wanyambo na jirani zao Wahaya wanalo jina la Ruhanga, Muumba, na jina hilo halikuletwa na Mzungu. Tena Speke mwenyewe, baada ya kumuuliza mwenzake kwa nini anafuata asilolijua, akamsomesha kwamba watawala wa Kihima wametoka Uhabeshi na ni uzao wa watu wa Biblia. Nadharia hiyo ya kizazi cha Hamu hakuwa na dalili yake hata moja. Aliitazama sura ya mwenyeji wake, akaibuni. Wengine wakaiamini baada yake bila kuuliza, ikaingia mashuleni na maofisini kwa wakoloni, na matunda yake machungu yalionekana ng'ambo ya mto Kagera, nchini Rwanda, mwaka 1994. Kwa hiyo katika baraza lile la Bweranyange aliyefuata kwa upofu hakuwa Rumanyika peke yake. (Na mgeni aliyempima kwa utepe mke wa nduguye mwenyeji wake, kisha akaviandika vipimo kitabuni, asitufundishe adabu.)

Wala hatumtukuzi Rumanyika kupita kiasi. Huyu huyu alimsimulia Speke kwamba yeye peke yake, miongoni mwa ndugu zake, aliweza kuinua ngoma ndogo ya utawala iliyotiwa dawa, tena kwa kidole kidogo, na kwamba ardhi aliyokalishwa ilipanda mpaka mawinguni ikashuka naye. Alikuwa mtu wa zama zake. Lakini katika jambo la jiwe alisema kweli mbili ambazo wengi wenye vilemba hawazisemi: kwamba jiwe halili, na kwamba yeye hajui.

Mtu wa nje akiyasikia haya atatuuliza: Nanyi je, hamlibusu Jiwe Jeusi? Swali hili ni la haki, na tunawanasihi maimamu wasimkaripie anayeliuliza. Jibu lake limo katika Sahihi Bukhari. Sayyidna Umar (RA) alilikabili Jiwe hilo mbele ya watu, akatamka kuwa anajua fika kwamba ni jiwe tu, halidhuru wala halinufaishi, na lau asingemwona Mtume (SAW) akilibusu, asingelibusu. Tazama alivyoanza. Alianza pale pale alipoanza Rumanyika, kwenye kukiri kwamba jiwe ni jiwe. Tofauti iko katika kinachofuata. Rumanyika alibaki na matumaini ya mavuno, yaani amelihusisha jiwe na manufaa, na hana mjumbe aliyemwambia hivyo ila mazoea ya waliomtangulia. Umar alikata kila tamaa kutoka kwa jiwe, akabaki na ittibaa, kumfuata Mtume ambaye ukweli wake ulikwisha thibiti kwake kwa dalili. Huko ndiko kupambanuka kwa ittibaa na kufuata wazee kunakolaumiwa katika Suratul Baqara, aya ya 170, na Suratuz Zukhruf, aya ya 22. Muislamu anayelibusu Jiwe akitaraji limpe mtoto au limwondolee deni, huyo hana hoja mbele ya Rumanyika. Wako daraja moja, ila mwenzake amesema ukweli kwamba hajui.

Ama mbweha, hiyo ndiyo tiyara yenyewe, ambayo Mtume (SAW) ameikanusha katika Hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim. Waarabu wa Jahiliya walimfukuza ndege wakatazama anaruka upande gani. Huku kwetu ni mbweha, bundi, au mtu wa kwanza kukutana naye asubuhi. Wangapi miongoni mwetu wameghairi safari kwa sababu ya bundi, kisha wakaswali Adhuhuri kama kwamba hakuna lililotokea?

Tubaki hapa kwenye shahidi aliyetajwa, watu wa Pwani. Rumanyika hakusoma vitabu vyetu. Aliisoma misafara iliyopita kwake. Aliona wanaume wanaoswali, wanaofunga, wanaochinja kwa jina la Allah, na wamevaa hirizi shingoni na mikononi. Aliona kwamba inapofika hatari wanaigeukia hirizi. Akafanya hesabu ambayo mtu yeyote mwenye akili angeifanya: hawa nao ni kama mimi. Imamu Ahmad amepokea kwa Uqba bin Amir (RA) Hadithi inayomhesabu mvaaji wa tamima kuwa ameingia katika shirki. Ni kweli kwamba wanavyuoni wametofautiana katika hirizi iliyoandikwa Qur'ani tupu. Kuna waliotangulia walioiruhusu, na imepokewa hivyo kwa Abdullah bin Amr bin al-As (RA), na kuna walioikataza kabisa, akiwemo Ibn Mas'ud (RA). Hatutaki kuufunga mlango ambao Salaf waliuacha wazi. Lakini aliyeko nje hasomi kilichoshonwa ndani ya ngozi. Anachokiona ni ngozi. Na katika khitilafu hii fuqahaa wetu wanapaswa kuutia hesabuni ushahidi wa Rumanyika: kwamba kitendo hicho, hata kwa wanaokiruhusu, kilimfundisha mtawala wa Karagwe kwamba Uislamu na jiwe lake la mlimani ni kitu kimoja.

Swali hili si la vitabuni tu. Kijana aliyesilimu Kayanga au Nkwenda huulizwa na mama yake: Na babu yako, na babu wa babu yako, wako wapi? Wako walimu wanaomjibu kwa neno moja, motoni, na kijana huyo hurudi nyumbani akiwa ameivunja nyumba. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, alilizungumzia jambo hili katika Faysal at-Tafriqa kwa uangalifu mkubwa zaidi. Akiwazungumzia Warumi na Waturuki wa zama zake, aliwagawa walioko nje ya Uislamu mafungu matatu: wasiofikiwa hata na jina la Mtume (SAW), nao wana udhuru, waliofikiwa na jina lake na sifa zake na miujiza yake, wanaokaa jirani na Waislamu na kuchanganyika nao, nao hawana udhuru, na waliolisikia jina lakini wakapewa sifa za uongo, nao hukumu yao ni ya fungu la kwanza. Asili ya yote ni Suratul Israa, aya ya 15, kwamba hakuna adhabu mpaka aletwe Mtume.

Rumanyika yuko wapi katika mafungu haya? Mwenye haraka atamweka katika la pili: alikuwa jirani wa Waislamu wa Kafuro, akizungumza nao kwa lugha yao. Sisi tunaona kwamba haraka hiyo imeusahau mradi wa Ghazali. Ujirani ameutaja kwa sababu ndio njia ya sifa kufika, na Kafuro ya kurasa za Speke ni mahali pa bidhaa na pembe. Wala hayumo barabara katika fungu la tatu, kwani hakuna adui aliyemchafulia jina la Mtume (SAW). Kilichompata ni cha namna nyingine: marafiki waliokaa kimya kwa ndimi zao, na hirizi zikasema badala yao. Kwa sababu illa ya udhuru ni moja, nayo ni kutofikiwa na sifa za kweli, tunamwambatanisha na fungu la tatu.

Asiseme mtu kwamba kuwafikishia watawala wa bara halikuwa jambo lililowezekana. Inasimuliwa kwamba mwaka 1844 mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim, mbele ya Kabaka Suna wa Buganda, alipoona watu wanauawa, alisimama akasema roho zile ni za Allah aliyeziumba. Suna akajibu kwa mshangao kwamba yeye hawajui ila miungu yake iliyompa ufalme, kisha akataka kufundishwa, akafundishwa sehemu ya Qur'ani. Swali la mtu wa nje, jibu la mtu mmoja, na mlango ukafunguka. Ahmed huyu ndiye baadaye aliyefanya makazi yake Kafuro, na Stanley alimkuta huko mwaka 1876, Rumanyika akiwa bado hai.

Kwa hiyo anayeulizwa na mama wa Nkwenda asitoe hukumu ya motoni juu ya wazee waliopita. Ampe majibu ya Ghazali, na amwambie kwamba katika mizani hiyo wanaoulizwa kwanza ni waliokuwa na maji wakapita karibu na mwenye kiu. Wallahu aalam.