Jalada Safi, Mswada Mbichi

Kitabu chenyewe sitakitaja, kwa sababu hakiko peke yake. Jalada ni safi, karatasi ni nzito, picha ya mwandishi imepigwa na mtu anayejua kazi yake. Lakini shangazi anayezikwa ukurasa wa 60 anapiga simu ukurasa wa 112, na si hadithi ya mizimu. Hakuna aliyemuuliza mwandishi, "Si huyu ulishamzika?"

Talanta ipo. Mazungumzo ya ndani ya matatu katika kitabu hicho yalinichekesha hadi nikayasoma mara mbili. Shida ni kwamba mswada ulitoka kwa mwandishi ukaenda moja kwa moja kwa mchapaji. Katikati hapakuwa na mtu.

Nadhani tumeizoea sana hadithi ya mwandishi anayepambana peke yake. Wasee wengi wanajua kwamba Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika Caitaani Mũtharabainĩ kwenye karatasi za choo akiwa kizuizini Kamiti. Sehemu ya pili haisimuliwi sana: aliachiliwa Desemba 1978, na riwaya ikatoka 1980, kupitia Heinemann ya Nairobi chini ya Henry Chakava. Hata mwanzo wake ulikuwa hivyo. Mwaka 1962, akiwa mwanafunzi Makerere, alimpa Chinua Achebe mswada wa Weep Not, Child. Achebe akausoma, akatoa maoni, akaufikisha kwa Heinemann. Kitabu kikatoka 1964. Miaka miwili! Siku hizi kwa miaka miwili mtu ameshazindua vitabu vitatu.

Najua utaniambia wachapishaji wakubwa hawatutaki. Ni kweli. Chapaa yao iko kwenye vitabu vya shule. Kitabu kilichoidhinishwa na KICD kina soko tayari. Riwaya ya mtu asiyejulikana ni bahati nasibu. Kwa hivyo simlaumu anayejichapishia. ISBN inapatikana kwa Huduma ya Maktaba ya Taifa, mchapaji wa mtaani atakutolea nakala mia mbili, utauza Instagram na kulipwa kwa M-Pesa. Umeliruka lango, sawa. Lakini nyuma ya lango hakukuwa na wakataaji peke yao. Kulikuwa pia na msomaji wako wa kwanza, na yeye umemruka vilevile.

Angalia bajeti za vitabu hivi: jalada, uchapaji, ukumbi wa uzinduzi, mpiga picha, keki yenye umbo la kitabu. Mhariri anangoja kitakachobaki, na hakibaki kitu. Au kazi inapewa rafiki "anayejua Kiswahili", anyooshe tahajia wikendi moja. Huko ni kusoma prufu. Mhariri ni yule anayekuuliza sura ya kwanza inafanya nini hapo, na hakuachi mpaka umjibu.

Kama doo hakuna, badilishaneni miswada na mwandishi mwenzako, kwa sharti moja: kila mmoja atie alama pale alipochoka kusoma. Hapo ndipo kazi inaanzia. Keki inaweza kungoja miezi sita.

Kuna wanaosema tuwapigie waandishi wapya makofi kwanza, ukosoaji uje baadaye. Siwezi. Msomaji wa Nairobi aliyetoa elfu moja kwa jina asilolijua akiboeka, hatakulaumu wewe pekee. Atasema vitabu vya Wakenya ni hivyo tu, na atakayelipia ni mwandishi mpya anayekuja nyuma yako, hata kama mswada wake ameuhariri mara tano.

Mwandishi wa yale mazungumzo ya matatu ana sikio ambalo darasani halifundishwi. Ningependa kusoma toleo la pili la kitabu chake. Ila kwanza apate mtu wa kumsaidia kumzika shangazi, azikike.