Fomula ya ini na kosa la mpunga wangu

Wiki iliyopita munganga mmoja kijana alituletea katika grupu ile fomula ya Marekani ya kupima hatari ya ini la mtoaji. Mtu akaandika chini yake: "Kumbe maini ya watu weusi ni mabaya." Hakuna aliyejibu. Mimi pia nilinyamaza, na ile kimya inanisumbua mpaka leo.

Fomula yenyewe, Donor Risk Index, ilitolewa mwaka 2006 na Feng na wenzake, kutokana na grefe karibu 20,000 za Marekani za kati ya 1998 na 2002. Inauliza: kitu gani kwa mtoaji kinafanya ini lishindwe kwa mgonjwa? Mambo mengi mule ni ya maana. Umri kupita miaka 40, na zaidi sana kupita 60. Moyo kusimama kwanza, damu ikaacha kufika, ndipo ini linatolewa. Ini lililogawanywa. Saa ambazo limekaa kwenye baridi. Sisi wa agronomia hiyo ya mwisho haitushangazi: kijiti cha muchungwa kikikaa sana mkononi, grefe haishiki.

Kisha, katika orodha ile ile: mtoaji akiwa Mwamerika mweusi, hatari inapanda karibu 19 kwa mia kuliko mtoaji mweupe.

Hapa ndipo ninagombana nayo. Katika memware yangu nilijaribu aina mbili za mpunga. Moja ilizaa vibaya, nikaandika: mbegu mbaya. Mwalimu akaniuliza, "Hiyo uliipanda fasi gani?" Yote ilikuwa upande wa juu, kwenye mchanga, maji hayakai. Nilikuwa nimepima udongo, nikauita mbegu. (Nilirudia msimu mzima, wengine walinicheka.)

Sisemi waandishi ni watu wabaya. Wenyewe waliiweka rangi kati ya mambo yenye nguvu ndogo. Lakini tazameni kile kinachokosekana: mafuta. Ini lenye mafuta mengi linaweza kushindwa kufanya kazi tangu siku za kwanza, wapasuaji wanalijua hilo, na halimo katika fomula. Rangi imo, juu kwenye fomu inajazwa kwa alama moja tu. Alama ya mtoa figo nayo ilikuwa na rangi. Marekani waliiondoa mwaka 2024.

Tena, ile fomula ilitengenezwa kwa watoaji waliokufa. Mgonjwa wa kwetu akipata njia ya kwenda India, mtoaji ni ndugu yake mzima, anayekatwa kipande cha ini. Fomula haimhusu hata kidogo. Huyo watampima mafuta ya ini, mishipa, ukubwa wa kipande, virusi vya hepatiti. Mbele ya kupanda ndege, yeye pia anaweza kusoma ile sentensi ya grupu yetu akaogopa bure.

Munganga wetu, tafadhali tuandikie vile vipimo, kimoja kimoja.