Fundi Anayesoma Makapi

Kwenye mashine ya kukoboa mpunga, mwenye haraka hutazama mahali mchele unapotokea. Fundi ninayemsifu, mmoja wa mafundi wa Kadutu hapa Bukavu, huanzia kwenye uchafu. Huchota pumba kiganjani, akazipuliza, akatafuta vipande vya mchele vilivyojificha humo. Ndipo anaponyoosha mkono kuchukua spana.

Mpunga umetoka chini, Luvungi na Sange, uwanda wa Ruzizi, ukapandishwa kwa lori hadi huku ziwani, karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mashine inayoungoja ni ya ukoo wa ile aliyoibuni Evaristo Conrado Engelberg huko Brazili mwaka 1885, akiwa na kahawa na mpunga akilini. Ndani mna rola ya chuma yenye mifereji, chini yake wavu, na ubavuni kisu kirefu kisicho na makali. Punje husuguana mle mpaka zibaki uchi. Kisu kikisogea unene wa ukucha tu, mchele unakuwa chenga. Kikirudi nyuma kupita kiasi, mpunga unatoka na ganda lake.

Katika kilo 100 za mpunga, ganda peke yake ni kama kilo 20, na hakuna ufundi utakaoligeuza kuwa chakula. Lakini mashine hii hutupa ganda, pumba na chenga katika lundo moja, kwa hiyo hasara ya mwenye mali huzikwa humo kimyakimya. Ndiyo maana yeye huanza na lundo.

Siku moja mama mmoja alilalamika: “Papa, muchele yangu inavunjika!” Fundi hakugusa mashine. Alitia punje mbili mdomoni, akaziuma kwa meno ya mbele, akasikiliza. “Haiko mashini, mama. Ni juwa.” Mpunga ulianikwa kwenye lami, ukakauka mbiombio mchana, ukanyonya umande usiku, ukapasuka ndani ya ganda kabla haujafika mjini. Unyevu unaofaa ni kama asilimia 14, naye huupima kwa jino. Nimejaribu kuuma kama yeye. Nilichoambulia ni ladha ya vumbi.

Umeme ukipungua nguvu, husikia kabla taa hazijafifia: rola inanguruma kwa sauti nzito, mkanda unateleza kwenye puli, harufu ya mpira inapanda. Mwingine angekaza kisu ili mchele usafike. Yeye hupunguza mpunga unaoingia, akangoja. Mashine ikiendeshwa kwa injini ya mazutu, hutazama rangi ya moshi, maana hewa ya huku juu ni nyepesi na injini iliyolemewa huanza kutoa moshi mweusi. Jambo ninalolistahi kuliko yote ni hili: hagusi vitu viwili kwa mara moja. Akisogeza kisu, mlango wa kutokea haugusi mpaka beseni zima lipite.

Wavunaji wa ngano kule Narok, Kenya, wana kombaini zenye ukubwa wa nyumba, lakini swali lao ni hilohilo: nafasi kati ya ngoma na kizuizi chake, kasi ya ngoma, upepo wa feni, matundu ya chekeche. Asubuhi suke lina umande na halipukuchiki. Alasiri limekauka na punje inavunjika. Kwa hiyo mashine hurekebishwa tena na tena siku hiyohiyo. Dereva anayejua kazi husimama, akashuka, akapiga magoti nyuma ya kombaini yake kuhesabu punje zilizoanguka. Wangeelewana na fundi wa Kadutu bila mkalimani.

Malipo huhesabiwa kwa mpunga uliokobolewa, na dakika za kuuma punje na kupuliza pumba hazimo kwenye bei. Ukipeleka gunia lako, usimharakishe.