Mfuko Uliofunguliwa

Chukulia duka la pembejeo pale Kikatiti, kando ya barabara ya Arusha kwenda Moshi, ukishapita Maji ya Chai. Mwenye duka amechoka na madaftari, anataka programu. Ukimuuliza ifanye nini, anajibu upesi: "Kila kitu." Kazi ya mchambuzi wa mifumo inaanzia kwenye jibu hilo, na wengi hawaihesabu kuwa kazi kwa sababu kompyuta bado haijawashwa.

Mchambuzi hodari haanzi kwa kuorodhesha. Anaomba stuli nyuma ya kaunta na kutazama. Mfuko wa mbolea wa kilo 50 umeingia stoo. Asubuhi unafunguliwa, mkulima mmoja anapimiwa kilo tatu, mwingine moja na nusu. Programu ihesabu mifuko au kilo? Inayomwagika sakafuni iandikwe wapi? Mama mmoja anachukua mbegu kwa ahadi ya kulipa akishavuna: ni deni, ila halina tarehe. Mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi ambayo wafanyabiashara wa Tanzania walianza kuizoea mwaka 2010, inatoa risiti yake pembeni. Je, muuzaji aingize mauzo mara mbili? Na nani aruhusiwe kufuta mauzo yaliyokwisha kuandikwa? Swali hili huulizwa kijana wa kaunta akiwa ametoka kidogo, hasa kama ni mpwa wa mwenye duka.

Majibu hayo huzaa waraka wa kurasa chache unaoeleza mawanda ya mradi. Ukurasa wake mgumu kuliko yote ni ule wa mambo yasiyokuwemo: mishahara haimo, tawi la Usa River halimo, ujumbe wa simu kwa wateja haumo. Kuuandika kunataka adabu na uso mkavu kwa pamoja. "Mzee, hilo la tawi tuliweke awamu ya pili" ni sentensi fupi, lakini anayeweza kuitamka mbele ya mteja mwenye pesa, asimwudhi wala asiyumbe, ni fundi kweli.

Afrika Mashariki ina mfano mkubwa wa ufundi huu. Oktoba 2005, Vodafone na Safaricom walianza kujaribu mfumo wa M-Pesa nchini Kenya, Nairobi na Thika, wakishirikiana na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu. Nick Hughes ndiye aliyelileta wazo, Susie Lonie akausimamia mradi. Lengo lilikuwa wakopaji wapokee na kurejesha mikopo kwa simu. Watumiaji wakawa na mambo yao: wakatumiana pesa wao kwa wao, wakawanunulia ndugu walio mbali muda wa maongezi. Upande wa Faulu, kuoanisha malipo ya simu na hesabu zao za karatasi kuliwatoa jasho.

Mtu mwenye tamaa angebeba yote mawili, mikopo na kutumiana pesa. Vodafone na Safaricom walipunguza. M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007, mikopo haikuwemo. Ilibaki menyu fupi ya kwenye laini ya simu: kutuma pesa, kutoa, kununua muda wa maongezi. Yeyote aliyewahi kumwelekeza bibi yake hatua za kutuma pesa anajua ufupi ule ulivyosaidia. Mwaka uliofuata Vodacom wakaizindua Tanzania.

Uamuzi ule unastahili sifa kwa sababu moja zaidi. Jaribio lilikuwa limeanza kwa ajili ya mikopo. Kuiondoa kulikuwa kuondoa sababu ya kwanza ya mradi wenyewe, tena baada ya fedha kutumika, zikiwemo za serikali ya Uingereza. Waliokuwa wakitazama watumiaji walikubali kubishana na waraka wao wenyewe. Mikopo ilikuja kurudi Novemba 2012, Safaricom walipozindua M-Shwari pamoja na Commercial Bank of Africa, ikiwa mradi mwingine wenye mawanda yake.