Mapingamizi Kwanza

Kwenye mihadhara ya dini, hoja ya mpinzani mara nyingi huletwa ikiwa imeshavunjwa miguu. Msemaji anaitaja kwa kejeli, umati unacheka, naye anaendelea na yake. Thoma wa Akwino, mtawa Mdominiko aliyefundisha Paris katika karne ya 13, aliifanya kazi hiyohiyo ya kutetea imani kwa kuanzia upande wa pili.

Chukua kitabu chake kikubwa, Summa Theologiae, alichokifanyia kazi mpaka Desemba 1273 na kukiacha hakijaisha. Kina maswali 512, kila swali limegawanywa katika vifungu, na kila kifungu kinafunguliwa kwa mapingamizi. Anayekataa ndiye anayesema kwanza, na anasema vizuri. Kisha inasikika sauti ya kumpinga, aghalabu mstari wa Maandiko au wa Mababa wa Kanisa, halafu jibu la Thoma mwenyewe. Mwisho anayarudia mapingamizi, moja baada ya jingine, kuyajibu. Mtindo huo ulitoka kwenye midahalo ya Chuo Kikuu cha Paris, ambako wakati wa Majilio na Kwaresima mwalimu aliweza kukaa mbele ya watu na kuulizwa lolote na yeyote. Thoma aliwahi kuulizwa kipi kina nguvu zaidi: ukweli, divai, mfalme au mwanamke. Akalijibu swali hilo kwa utulivu uleule anaouonyesha akizungumzia malaika.

Kifungu kinachouliza kama Mungu yupo kina mapingamizi mawili tu. La kwanza: wema usio na mipaka ungekuwapo, ubaya usingepata pa kukaa, na ubaya tunauona. La pili: mambo ya maumbile yanaelezeka kwa maumbile yenyewe, na mambo tunayoyatenda kwa hiari yanaelezeka kwa akili na utashi wetu, sasa Mungu wa nini? Asiyeamini wa leo angeyatia sahihi yote mawili bila kubadili kitu.

Jibu lake ndizo zile njia tano maarufu za kuonyesha kwamba Mungu yupo. Ya kwanza inaanzia kwenye mwendo, na mfano wake ni fimbo inayosogezwa na mkono. Wengi huisoma kama habari za kale: hiki kilisukumwa na kile, kile na kingine, mpaka siku ulimwengu ulipoanza. Thoma hasemi hivyo. Fimbo na mkono vinasogea pamoja, sasa hivi. Mkono ukitulia, na fimbo inatulia. Mnyororo anaoufuata ni wa vitu vinavyotegemeana papo hapo, na kwa maoni yake mnyororo wa namna hiyo hauwezi kukosa wa kwanza anayesogeza bila kusogezwa. Hata ulimwengu ungekuwapo tangu milele, hoja hiyo isingetikisika.

Aliijenga hivyo kwa makusudi. Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki, alishikilia kwamba ulimwengu haukuwa na mwanzo. Mwanafalsafa Mwislamu Ibn Sina alifundisha hivyo, na Ibn Rushd pia, mfafanuzi wa Aristotle ambaye Thoma anamwita “Mfafanuzi” tu, kana kwamba hakuna mwingine. Thoma, kama Mkatoliki, aliamini kwamba ulimwengu ulianza. Ila anasema waziwazi kuwa akili peke yake haiwezi kulithibitisha jambo hilo. Tunalishika kwa imani. Bonaventura, mwanateolojia mkubwa wa Wafransisko, aliona linathibitika, na wengi Paris walikuwa upande wake. Thoma akaandika kijitabu kizima kuwajibu wanaonung'unika. Hofu yake ilikuwa kwamba anayeitetea imani kwa hoja dhaifu anawapa wasioamini sababu ya kucheka, wakidhani hizo ndizo hoja zinazotufanya tuamini. Kwa hiyo akampa mpinzani uwanja mgumu kuliko wote, ule wa ulimwengu usio na mwanzo, akajenga humo.

Na ukali huo aliuelekeza hata kwa watu wa nyumbani. Anselm, mwanateolojia Mkristo aliyemtangulia, alikuwa ametoa hoja kwamba ukishaelewa maana ya Mungu, yaani yule ambaye haiwezekani kumfikiria aliye mkuu kuliko yeye, huwezi tena kusema hayupo. Thoma anakubaliana na mwisho wa hoja hiyo kwa moyo wote, kisha anaikataa hoja yenyewe. Seremala mzuri haupokei ubao wenye mchwa eti kwa sababu umetoka kwa mjomba.

Si kila mahali ananiridhisha. Pingamizi la ubaya, lililowekwa kwa nguvu namna ile, linajibiwa pale kwa mistari michache tu aliyoazima kwa Augustino, mmoja wa Mababa wa Kanisa: Mungu anauruhusu ubaya ili atoe wema ndani yake. Kwa mama aliyetoka makaburini kumzika mwanawe, hayo ni maneno machache mno. Mbele kidogo analichambua suala la ubaya kwa urefu, lakini hapa, penye swali lenyewe, natamani angekaa zaidi.

Napenda kumtazama hasa anapofika kwenye Utatu, mada ambayo kwetu huishia kwenye hesabu ya moja jumlisha moja jumlisha moja. Anakiri kwamba hakuna hoja ya akili inayoweza kuuthibitisha, na kwamba kujaribu ni kuidhuru imani. Kazi anayoiachia falsafa ni ndogo na ngumu: kupima kama wanaodai kuna mgongano wameuonyesha kweli. Pingamizi linasema: vitu viwili vilivyo sawa na kitu kimoja lazima viwe sawa vyenyewe kwa vyenyewe, basi Baba na Mwana, kama wote ni Mungu yule yule, hawatofautiani. Thoma anamrudia Aristotle, katika Fizikia. Kutenda na kutendwa ni mwendo uleule mmoja, lakini kutenda si kutendwa, kwa kuwa kimoja kinauhusisha mwendo huo na anayeutoa, na kingine na anayeupokea. Hivyo vitu viwili vinaweza kuwa sawa na kimoja kwa uhalisi, na bado vikatofautiana kwa uhusiano. Hadai kwamba amemweleza Mungu. Anadai tu kwamba kanuni ile, kama ilivyoletwa, haijathibitisha kuwepo kwa mgongano, na hapo analiacha pingamizi hilo.