Chimbuko la Tashtiti ya Okot p'Bitek

Baadhi ya wahakiki wa Song of Lawino (1966) wameutafuta mzizi wa tashtiti yake vitabuni: katika The Song of Hiawatha ya Longfellow, katika Wimbo Ulio Bora, na katika elimu aliyoipata mtunzi Bristol, Aberystwyth na Oxford. Athari hizo zipo. Lakini kuzitanguliza ni kuyasahau malezi yake.

Okot p'Bitek alizaliwa Gulu, kaskazini ya Uganda, mwaka 1931. Baba yake, Opii Jebedayo, alikuwa mwalimu. Mama yake, Lacwaa Cerina, alikuwa mtunzi na mwimbaji. Shule na ngoma, ambazo baadaye zinagombana kwa vinywa vya Ocol na Lawino, zilikaa chini ya paa moja. Riwaya yake ya Kiacholi, Lak Tar, ilitoka 1953, miaka mitatu kabla hajafika Uingereza na timu ya kandanda. Hivyo Oxford, alikotafiti fasihi simulizi ya Waacholi na Walango, haikumpa sauti. Ilimpa istilahi za kuielezea sauti aliyokuwa nayo.

Sauti hiyo ina kanuni zake. Mwimbaji wa dhihaka humkabili mtu anayejulikana, mbele ya watu wanaoweza kumjibu. Ndiyo maana Lawino huwaita watu wa ukoo wake wawe mashahidi. Naye pia huhukumiwa: wivu wake juu ya Clementina hausitiriki. Mhakiki anayeyachukua maneno ya Lawino kuwa ndiyo kauli ya Okot amesikia upande mmoja tu wa shauri.

Jambo hili si geni kusini mwa Nyanza. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Okot alifanya kazi Kisumu, miongoni mwa Wajaluo, ambao lugha yao ni ndugu ya Kiacholi. Wimbo ni wer katika lugha zote mbili. Mwanamke ni dako kwa Mwacholi na dhako kwa Mjaluo. Msikilizaji wa Homa Bay au Migori aliyezoea pakruok, yaani majigambo yanayokatiza muziki, na nyimbo za wanawake za dodo, hahitaji Longfellow ili amwelewe Lawino.

Hapa pana funzo kwa idara za Kiswahili. Wimbo wa Lawino, tafsiri ya Paul Sozigwa ya 1975, ilimfikisha Lawino kwa wasomaji wa Kiswahili. Mwaka 2001 Taban lo Liyong aliurudia utungo wa Kiacholi na kuufasiri upya kwa Kiingereza. Kiswahili nacho kinastahili tafsiri inayotoka moja kwa moja katika Wer pa Lawino. Wanafunzi wa Migori na Homa Bay wanaweza kuwa daraja, mradi wakumbuke kwamba udugu wa lugha si umoja wa lugha: Kiacholi lazima wajifunze. Bila kazi hiyo, mtoto wa Lacwaa ataendelea kusomwa kana kwamba alizaliwa maktabani.