Soto kwenda Yankees: San Diego waliuza mwaka mmoja tu

Desemba 2023 wakuu wa klabu za besiboli za Marekani walikutana Nashville kwa mikutano yao ya kila mwaka, na gumzo lilikuwa Juan Soto. Wiki haikuisha San Diego Padres wakawa wamemkabidhi kwa New York Yankees, pamoja na mlinzi wa uwanja wa nje Trent Grisham. Padres wakapokea warushaji wanne, Michael King, Drew Thorpe, Randy Vásquez na Jhony Brito, na mdakaji Kyle Higashioka. Lawama zikamshukia A.J. Preller, bosi wa usajili wa Padres: vipi unamtoa mmoja wa wapigaji bora duniani, kijana wa miaka 25, kwa watu ambao mashabiki wengi hawajui hata sura zao?

Lawama hizo zilikosea hesabu tangu mwanzo, kwa sababu zilipima jina badala ya muda.

Kwenye besiboli ya Marekani hakuna ada ya uhamisho kama ya soka. Klabu hubadilishana mtu kwa mtu. Mchezaji hubaki chini ya klabu iliyo na haki juu yake kwa takriban miaka sita ya kwanza ya utumishi wake ligi kuu. Mitatu ya mwanzo kwa kawaida hulipwa karibu na kima cha chini. Baada ya hapo mshahara hupanda kila mwaka, na pande mbili zisipoelewana huamuliwa na wasuluhishi. Miaka sita ikitimia anakuwa huru kwenda anakotaka, na klabu anayoiacha ikibahatika huambulia nafasi ya ziada ya kuchagua chipukizi. Kwa hiyo bidhaa halisi sokoni ni misimu aliyobakiza, na Desemba ile Soto alibakiza mmoja.

Waliomlaumu Preller walirejea Agosti 2022, alipomchukua Soto kutoka klabu ya Washington. Ni kweli bei ile ilikuwa nzito: CJ Abrams, MacKenzie Gore, James Wood na wengine, na hao watatu wote baadaye walichaguliwa kwenye mechi ya nyota. Lakini San Diego walinunua misimu miwili na nusu, yaani nafasi tatu za kuwania ubingwa. Waliitumia ya kwanza vizuri, wakawatoa Dodgers walioshinda mechi 111 na kufika fainali ya National League. Ya pili iliharibika. Mwisho wa 2023 mkononi ilibaki moja, na bei ya kitu kimoja haiwezi kulingana na ya vitu vitatu. Alichokitoa Preller mwaka ule kilishakwenda, hakirudi kwa kung'ang'ania.

Sasa tazama ghala lake lilivyokuwa. Blake Snell, aliyetoka kutwaa tuzo ya mrushaji bora, Cy Young, mkataba wake uliisha akaondoka. Seth Lugo, Michael Wacha na Nick Martinez nao wakaondoka. Timu ilibaki na Yu Darvish na Joe Musgrove, na nyuma yao karibu pengo tupu. Upande wa wapigaji kulikuwa na Machado, Tatis na Bogaerts, kila mmoja na mkataba mrefu wa mamia ya mamilioni ya dola. Kumbakiza Soto kwa mshahara wa dola milioni 31, kisha kumtazama akiondoka, huku hakuna wa kurusha mpira, ndiko kungekuwa kosa.

New York walikuwa na shida ya aina nyingine. Walishinda mechi 82 mwaka 2023, idadi ileile ya Padres, na wakakosa hatua ya mtoano. Wapigaji wao wakubwa, Aaron Judge na Giancarlo Stanton, wote hupiga kwa mkono wa kulia. Uwanja wao una ukuta wa kulia ulio karibu sana, futi 314 pembeni, ambao humfaidi zaidi anayepiga kwa mkono wa kushoto. Soto ni wa kushoto, na jicho lake la kuacha mipira mibovu halina mfano.

Matokeo? Soto alipiga homurani 41. Oktoba 19, 2024 huko Cleveland, kipindi cha 10, wawili wakiwa wametolewa, alikataa kutoka: aliugusa mpira baada ya mpira wa Hunter Gaddis ukienda nje ya mstari, hadi ulipokuja wa saba, wa kasi, akautuma nje ya ukuta. Mikimbio mitatu. Yankees wakaingia World Series, fainali ya ubingwa, kwa mara ya kwanza tangu 2009.

Wiki chache kabla, Oktoba 1, King alisimama kilimani San Diego dhidi ya Atlanta. Vipindi saba, wapigaji 12 wakatolewa kwa straiki, hakuna aliyepewa besi ya bure, hakuna aliyefunga. Aliyekuwa akiidaka mipira yake ni Higashioka, ambaye siku hiyo hiyo alipiga homurani. Wote wawili walitoka kwenye mabadilishano yale. Thorpe naye alikuwa ameshapelekwa Chicago White Sox mwezi Machi, kiini cha kifurushi kilichomleta Dylan Cease, aliyerusha mechi nzima Julai bila kuruhusu pigo hata moja. Padres walishinda mechi 93 bila Soto.

Anayewatetea Padres pekee atasema Yankees walidanganyika, kwa kuwa Desemba 2024 Soto alisaini na klabu ya Mets miaka 15 kwa dola milioni 765. Sikubali. Walijua wananunua mwaka mmoja, wakalipa bei ya mwaka mmoja, na mwaka huo ukawafikisha fainali. Klabu yenye Judge katika ubora wake haina sababu ya kuhifadhi warushaji kwa ajili ya kesho.

Kwangu pande zote mbili zilifanya sahihi. Nikilazimishwa kuchagua, ningekaa kiti cha Preller: alitoa msimu mmoja, akapata mrushaji wa kutegemewa kwa misimu miwili, mdakaji, na njia ya kumpata Cease.